Kifaru Chenye Ngozi ya Paa

Neno kifaru lina maana mbili katika Kiswahili cha leo, na sarufi ndiyo inayozitenganisha. Yupo kifaru wa mbugani, ambaye hupatanishwa katika ngeli ya A-WA: kifaru amekurupuka, kifaru amejeruhiwa, kifaru amekufa. Kipo pia kifaru cha vitani, ambacho magazeti na redio zetu hukiweka katika ngeli ya KI-VI: kifaru kimevuka mto, kifaru kimelipuliwa, kifaru kimeteketea. Yeyote yule aliyeliazima jina la mnyama akalipa gari la chuma alikuwa na jicho kali. Kifaru wa mbugani ana ngozi nene, ana pembe mbele, hushambulia kwa uzito wa mwili wake, na macho yake hayaoni mbali. Gari lile nalo ni vivyo hivyo: deraya ndiyo ngozi, mzinga ndio pembe, na watu waliomo ndani huutazama ulimwengu kupitia vijitundu. Sitiari imekamilika. Hata hivyo, katika safari ya kutoka mbugani hadi vitani, jina hilo lilidondosha kitu kimoja njiani, nacho ni uhai. Kifaru cha KI-VI hakifi; huharibika tu. Nao watu waliomo ndani yake hawamo katika upatanisho wa sentensi.

Jambo hilo huenda likaonekana dogo, lakini ndilo linaloifanya mada ya makala haya istahili kurasa za jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Mada yenyewe ni mchezo wa video, na hasa gari moja katika mchezo huo. Mchezo ni War Thunder, uliobuniwa na kampuni ya Gaijin Entertainment na kufunguliwa kwa umma mwaka 2012, ambamo wachezaji kutoka kila pembe ya dunia hukutana mtandaoni wakapigana kwa ndege, vifaru na manowari za karne ya 20 na za baada yake. Vifaru vya Italia viliingizwa humo mwaka 2018. Miongoni mwavyo limo gari la kuwindia vifaru liitwalo Semovente da 90/53, ambalo lina pembe ya kifaru na ngozi ya paa wa mwituni, na wala halina paa la kuwafunika waliomo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba gari hilo dhaifu ni mojawapo ya matini za kweli kabisa katika mchezo mzima, kwa sababu ndani yake wale watu waliosahauliwa na ngeli ya KI-VI hurudi kuonekana. Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili ana kila sababu ya kulisoma.

Jina la gari hili lafaa kusomwa polepole. Semovente kwa Kiitaliano ni kitu kinachojiendea chenyewe. Neno hilo halitaji kuua wala kuwinda. Latofautisha tu mzinga unaojiendea na ule unaokokotwa. Wajerumani waliyaita magari yao ya kazi hiyo wawindaji wa vifaru, Wamarekani wakayaita waangamizi wa vifaru, ilhali Waitaliano waliridhika kusema kwamba kitu hiki kinatembea. Namba zinazofuata nazo si mapambo. Ile 90 ni kipenyo cha mtutu kwa milimita, na 53 ni urefu wa mtutu huo ukipimwa kwa kipenyo chake, yaani takriban mita 4.8. Mzinga wenyewe ulikuwa wa kutungulia ndege, kama ulivyokuwa ule mashuhuri wa Kijerumani wa milimita 88, na kama huo wa Kijerumani uligundulika kuwa unatoboa chuma kuliko mizinga mingi iliyoundwa makusudi kwa kazi hiyo.

Historia yake ni fupi na ya huzuni. Baada ya Ujerumani na washirika wake kuuvamia Muungano wa Kisovieti mwaka 1941, majeshi ya Italia yaliyopelekwa huko yalikabiliwa na vifaru vya T-34 na KV, ambavyo mizinga midogo ya Waitaliano haikuviweza. Kampuni ya Ansaldo ikauchukua mzinga wa 90/53 na kuupachika juu ya chesisi ya kifaru cha M14/41. Mzinga ulikuwa mkubwa kupita gari. Injini ilisukumwa katikati ili nyuma papatikane nafasi, na hata hivyo nafasi haikutosha. Mpigaji na mpakiaji walipewa ngao ya chuma mbele yao. Nyuma yao na juu ya vichwa vyao palikuwa na hewa. Makombora yaliyoweza kubebwa hayakufika hata kumi, kwa hiyo kila gari lilifuatwa na kifaru kidogo cha L6/40 kilichogeuzwa kuwa mchukuzi wake, kikiwa na makombora 26 ndani na mengine 40 kwenye tela. Yaliundwa 30 tu, mwaka 1942. Yalikusudiwa Urusi, lakini hayakufika Urusi. Yalipelekwa katika kisiwa cha Sicily, ambako majeshi ya Uingereza, Marekani na washirika wao yalishuka tarehe 10 Julai 1943. Kufikia tarehe 17 Agosti kisiwa kizima kilikuwa kimetekwa, na Septemba 8 Italia ikatangaza kusalimu amri.

Gari lililoundwa kupigana kutoka mbali, katika nyika za Urusi, likajikuta katika vilima na barabara nyembamba za kisiwa ambacho anga lake lilitawaliwa na ndege za adui. Msomaji wa tamthilia atalitambua jambo hili mara moja: ni mhusika aliyeandikiwa onyesho moja akasukumwa katika jingine.

Je, gari hilo huchezwaje? Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo wengi wa wahakiki wetu, ambao hawajawahi kuushika mchezo wa aina hii, hupaswa kuvumilia maelezo.

Mchezaji anayeingia uwanjani na Tiger, kifaru kizito cha Kijerumani chenye deraya ya milimita 100 mbele, huingia akiwa na ruhusa ya kukosea. Aweza kuchelewa kumwona adui, akapigwa, kombora likadunda, naye akaugeuza mzinga wake kwa utulivu na kujibu. Mchezaji wa Semovente hana ruhusa hiyo. Kwake kila kitu hutoboa. Bombomu iliyopachikwa juu ya kifaru cha adui, ambayo mwenye Tiger huisikia kama mvua juu ya bati, kwake yatosha kummaliza. Ndege inayopita juu haihitaji kudondosha bomu. Risasi zake chache zikipita mahali ambapo paa lingekuwa, mpakiaji hayupo tena. Makombora ya mizinga ya mbali yakianguka kando, si juu yake, vipande vyake hufanya kazi ileile. Isitoshe, mzinga haumo katika kibanda kinachozunguka. Hugeuka kiasi tu kulia na kushoto, na adui akitokea ubavuni, sharti gari zima ligeuke, na hilo huchukua muda ambao aghalabu haupo.

Kwa hiyo mchezaji hulazimika kuwa mtu mwingine. Haingii uwanjani kutafuta adui bali kutafuta mahali. Huisoma ardhi kama shairi lenye mizani ngumu: wapi pana mteremko wa kuuficha mwili na kuuacha mtutu pekee ukichungulia, wapi pana mwanya kati ya nyumba mbili ambao adui lazima apite, wapi pana njia ya kurudi nyuma bila kuonekana. Akishafika, huzima injini. Mchezo huu una sauti, na injini ikizimwa mchezaji huanza kusikia ya wengine: minyororo inayokwaruza mawe, ngurumo inayokaribia halafu kunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakotisha zaidi, maana yawezekana adui naye amezima ya kwake ili asikilize. Hupita dakika moja. Hupita mbili. Wenzake wanapigana kwingine na alama zao zinapanda. Yeye hana alama hata moja, na akijitokeza kwa pupa atakuwa amefika mwisho. Kisha pua ya kifaru cha adui hujitokeza ukutani. Mchezaji mwenye pupa huipiga pua. Aliyeivishwa na gari hili hungoja ubavu.

Mlio ni mmoja. Kombora la milimita 90 halihitaji la pili mara nyingi. Lakini papo hapo tatizo jingine huzaliwa, kwa sababu aliyepigwa hurudi uwanjani kwa gari jingine, na sasa anajua mahali kombora lilikotoka. Atakuja kwa ndege, au atapita nyuma ya kijiji. Kwa hivyo mchezaji wa Semovente hapaswi kushangilia. Hupaswa kuwasha injini na kuhama wakati uleule ambapo kila silika yamwambia abaki, kwa kuwa mahali hapo pamempa ushindi.

Wanafunzi wa fasihi wana jina la hali hii. Ni taharuki. Taharuki haitokani na milipuko, na ndiyo sababu sinema nyingi za vita huchosha. Hutokana na upungufu unaojulikana na hadhira. Tukijua kwamba mhusika hawezi kustahimili pigo hata moja, kila jani linalotikisika huwa tukio. Mwenye Tiger ana nguvu, lakini hana taharuki. Ndipo hurafa zetu zikampenda Sungura kuliko Simba tangu hapo. Tumezoea kufundisha kwamba Sungura ni mjanja kwa tabia, na kuiandika sifa hiyo ubaoni chini ya kichwa cha sifa za wahusika. Ingefaa pia kuuliza ujanja huo unatoka wapi. Sungura hawezi kustahimili ukucha mmoja wa Simba. Angekuwa na ngozi ya kifaru, asingehitaji akili yote ile, na sisi tusingekuwa na ngano ya kusimulia. Mchezaji anayejifunza Semovente hupitishwa katika hesabu hiyohiyo bila mtambaji wa kumweleza, maana yeye mwenyewe ni fanani na hadhira kwa wakati mmoja: hutenda na hutazama, huamua na hushtuka.

Ziko pingamizi ambazo husikika kila mara michezo hii inapotajwa katika mijadala ya fasihi, na mojawapo haihitaji kujibiwa kwa urefu. Ni ile isemayo kwamba mchezo si fasihi kwa kuwa hauna mtunzi mmoja wala msuko uliokamilika. Wataalamu wa fasihi simulizi walikwisha kuziingiza katika maigizo michezo ya watoto, kibe miongoni mwayo, ambayo haina mtunzi anayejulikana na ambayo msuko wake hubadilika kila inapochezwa. Mtu anayejificha nyuma ya kilima cha Sicily kwenye kioo cha kompyuta na mtoto anayejificha nyuma ya ghala wanafanya kitu kimoja. Kama cha pili kina nafasi katika mtaala, itabidi mpinzani atafute sababu nyingine ya kukifungia nje cha kwanza.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Ni ile isemayo kwamba mchezo wa vita huifanya mauti kuwa mzaha. Aliyeucheza mchezo huu kwa uaminifu hawezi kuikanusha moja kwa moja. Tena, akiichunguza lugha ya mchezo, atapata ushahidi ambao mpinzani mwenyewe hakuujua.

Mchezo wa War Thunder huonyesha jinsi kila kombora linavyofanya kazi. Likipenya, kioo huonyesha gari la adui kana kwamba limemulikwa kwa eksirei: injini, matangi ya mafuta, makombora yaliyorundikwa, na sanamu za watu wameketi mahali pao. Mstari wa kombora hupita, vipande vya chuma hutawanyika, na sanamu zilizoguswa hubadilika rangi, njano, nyekundu, hadi nyeusi. Hakuna damu. Hakuna kilio. Na maandishi yanayotokea hayasemi kwamba mpigaji ameuawa. Hutumia neno la ulingo wa ndondi, kwamba amepigwa akaanguka, kama kwamba atahesabiwa hadi kumi na kusimama tena. Naam, husimama. Mpigaji akianguka, baada ya sekunde kadhaa mwingine hukalia kiti chake. Mapigano yakiisha, kikosi kizima hurudi kikiwa kamili, na si kamili tu bali kimeongezewa ujuzi, kwa sababu mchezo huwahesabia watu wa gari uzoefu kwa kila pigano waliloshiriki. Mpigaji aliyeanguka mara mia moja hulenga vizuri kuliko aliyeanguka mara kumi. Kinaya kikubwa kuliko hiki ni vigumu kukipata.

Wanafunzi wa isimujamii wanaijua mbinu hii kwa jina la tasfida: kulifunika neno zito kwa neno jepesi ili msikilizaji asishtuke. Kiswahili chenyewe kimejaa tasfida za kifo, na hakuna ubaya wowote; hatumwambii mjane kwamba mumewe amekufa, twamwambia ametutoka. Lakini tasfida ya mjane humhurumia aliye hai mbele yetu. Tasfida ya mchezo humhurumia nani? Humhurumia mchezaji, ili abonyeze kitufe cha kuanza upya bila kusita.

Hapa sasa ndipo gari la Kiitaliano linapotenda jambo ambalo, yamkini, wabunifu wake hawakulikusudia. Katika Tiger, watu wamefichwa nyuma ya chuma. Mchezaji huweza kucheza mwezi mzima akiona mtambo tu. Husema nimepigwa, nimegeuka, nimeungua, na kwa kusema hivyo yeye na chuma huwa kitu kimoja, ngeli ya KI-VI ikavaa nafsi ya kwanza. Katika Semovente jambo hilo haliwezekani. Kamera ya mchezo hukaa nyuma ya gari, na kilicho nyuma ya gari hili ni watu. Wamesimama pale, migongo wazi, kofia zao zinaonekana, mchana kutwa. Mchezaji akisogeza gari nyuma ya ukuta, anawasogeza wao. Akichelewa kuhama, anaona mmoja wao akitoweka mahali pake kwa risasi ambayo haikulidhuru gari hata kidogo. Gari li zima, injini yanguruma, mzinga haujaguswa, na pigano limekwisha kwa sababu hakuna mtu. Katika nukta hiyo tasfida hupasuka. Neno la ndondi laweza kuandikwa kwenye kioo kwa herufi kubwa kiasi chochote, lakini aliyeona ameona.

Wajerumani nao walikuwa na gari la wazi la namna hiyo, lenye mzinga wa milimita 88 na deraya nyembamba, wakaliita Nashorn, ambalo kwa lugha yao ndilo jina la kifaru wa mbugani. Kijerumani humwita mnyama huyo kwa pembe yake ya puani, na kwa kweli pembe ndiyo pekee iliyokuwamo katika gari hilo. Mswahili aliyeita gari la chuma kifaru yaelekea aliitazama ngozi kwanza. Kwake, Semovente na Nashorn si vifaru hata kidogo, na huenda tukahitaji neno jingine. Mwindavifaru ni pendekezo moja, nalo lina faida ya kurudi katika ngeli ya A-WA: mwindavifaru amejificha, mwindavifaru amepigwa, mwindavifaru amekufa.

Mtu ataweza kuuliza haya yote yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili, maadamu Sicily iko mbali na magari yale 30 hayakukanyaga Afrika Mashariki. Gari halikufika, vita vilifika. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940 ikiwa inaitawala Uhabeshi, Eritrea na sehemu ya Somalia inayopakana na Kenya. Mapema mwaka 1941, majeshi yaliyotoka Kenya, wakiwamo askari wa King's African Rifles, yalivuka mpaka. Mogadishu ikatekwa Februari na Addis Ababa Aprili. Kwa wengi wa askari hao Waafrika, Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya kambi na ya amri. Wafungwa wa Kiitaliano waliletwa Kenya, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942, walipokuwa wakitengeneza barabara ya kuteremkia Bonde la Ufa, lingali Mai Mahiu hadi leo, matatu zikipita kando yake. Vijana wa Italia waliosimama nyuma ya mzinga bila paa huko Sicily walikuwa wa jeshi moja na wale waliopanga mawe ya kanisa hilo.

Tena si kweli kwamba fasihi yetu ilivinyamazia vita hivyo. Shaaban Robert alivitungia utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967, unaosimulia yaliyotukia tangu mwaka 1939 hadi 1945. Vita vya mitambo, vya ndege na nyambizi, vikatiwa ndani ya umbo ambalo kwa karne kadhaa lilikuwa limebeba farasi na panga. Umbo hilo lina desturi yake kuhusu kifo. Katika Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728, kinachovichochea vita ni kifo cha mtu mmoja mwenye jina, Jaafari, na majonzi ya waliompenda. Utendi hauoni haya kusifu ushujaa, tena husifu mno, hata wahakiki wa leo huukemea kwa kutia chumvi. Lakini kifo haukifichi. Shujaa akianguka, ameanguka. Atatajwa, ataliliwa, na beti zitakazofuata zitaendelea bila yeye. Wahenga nao hawakusitasita walipoambaa kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo hunukuliwa sana kama sifa ya ushujaa. Isomwe tena: haisemi shujaa hushinda.

Ni katika kipimo hicho ambapo mchezo wa War Thunder hupungukiwa, na ni kwa kipimo hicho unapaswa kuhakikiwa, badala ya kufukuzwa darasani kwa fimbo ya maadili. Kijana anayesoma chuoni leo huenda asiufungue utenzi wa Shaaban Robert maisha yake yote. Lakini anajua unene wa deraya ya Tiger kwa milimita, anajua tofauti ya kombora linalotoboa na linalolipuka, na akiulizwa Waitaliano walipigana wapi atataja ramani ambazo amezichezea. Elimu yake ya vita inatoka huko. Kumwambia kwamba anapoteza wakati ni kumwacha na matini yake bila mhakiki. Kumwambia kwamba ni burudani tu, kama wafanyavyo watetezi wa michezo hii, ni kumwacha vilevile, ingawa kwa tabasamu. Watetezi hao hukosea kuliko wapinzani, kwa maoni ya makala haya, kwa sababu mpinzani angalau anaamini kwamba mchezo una nguvu ya kufanya jambo.

Aidha, kuna kazi ya lugha inayosubiri. Mchezo huu umetafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya na Asia, na mchezaji anayefikiri kwa Kiswahili huucheza kwa lugha ya wengine. Tuseme kazi hiyo imewafikia wahitimu wetu. Istilahi nyingi hazitawasumbua. Deraya ni neno la kale, lilijulikana kama vazi la chuma la mpiganaji kabla ya kuwa sifa ya gari. Mzinga, mtutu, kombora na bombomu yapo. Minyororo ipo. Kibanda cha mzinga kitajadiliwa na kamati kwa siku mbili. Shida itakuwa katika yale maneno machache yanayotokea kioo kinapoonyesha sanamu iliyogeuka nyeusi. Mfasiri mwaminifu kwa matini chanzi ataandika mpigaji amezimia, na hakuna atakayemlaumu. Mwingine ataandika mpigaji ameanguka, akitumaini kwamba msomaji wa tendi atajua kuanguka ni nini. Wa tatu ataandika mpigaji amekufa, na kampuni itamrudishia kazi yake aisahihishe, kwa kuwa neno hilo halimo katika chanzi. Kila mmoja wao atakuwa ametumia ngeli ya A-WA. Kiswahili hakiwapi njia nyingine, kwa sababu mpigaji ni mtu. Tofauti itakuwa katika kitenzi, na darasa la tafsiri lingeweza kukaa juu ya kitenzi hicho kwa wiki nzima bila kuchoka.

Miongoni mwa magari yale 30, moja lililotekwa na Wamarekani lingali zima, nalo huhifadhiwa Fort Sill, Oklahoma. Picha zake ni rahisi kupatikana. Zile zilizopigwa kutoka mbele huonyesha kitu cha kutisha, mtutu mrefu na ngao pana. Zilizopigwa kutoka nyuma huonyesha kitako cha mzinga, na mbele yake nafasi tupu isiyo na ukuta wala paa, yenye upana wa kutosha watu wawili kusimama.